Mpangaji wa Chumba cha Nne

Bwenini, 2 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila godoro nililopewa muhula huu limebonyea katikati, nalala kama haragwe ndani ya ganda lake. Natumaini unakula chakula cha moto, si mikate ya kiwandani kwenu peke yake.

Nimeazima kitabu maktaba kinachohusu nyumba za kupangisha. Msimamizi alinitazama juu ya miwani akaniuliza, "Wewe una nyumba?" Nilishindwa kumjibu, nikasaini nikaondoka. Nilipofika bwenini ndipo jibu likaja: tunavyo vyumba vinne vya uani. Majibu yangu siku zote huchelewa namna hiyo.

Baba, nimekisoma chote, si bure unaniita Kitabu. Kinasema chumba kitupu hakikai bure, kinakula pato la vyumba vingine. Cha kwanza yupo fundi redio, cha pili Mama Pacha na mapacha wake, cha tatu wale wanafunzi wawili wa uuguzi. Cha nne kimefungwa tangu Mama atutoke. Mkopo wa benki mliuchukua kwa hesabu ya vyumba vinne, si vitatu. Najua ndicho alichokuwa anashonea, na ndimo alimougulia. Naandika haya na mkono unakataa. Lakini likizo iliyopita uliniambia mwenyewe kwamba afisa wa mikopo alifika mpaka mlangoni, na kwamba tukizidi kuchelewesha rejesho watapiga mnada nyumba nzima. Hicho chumba kitakwenda pamoja nayo.

Kwa hiyo tafadhali, vitu vya Mama vihamishie chumbani kwangu. Halafu paka rangi, maana mpangaji mzuri hukimbizwa na ukuta mchafu. Na usimpe mtu chumba kwa kumwonea huruma. Muulize anafanya kazi wapi, chukua dhamana ya mwezi mmoja, muandikishane mkataba hata kama ni rafiki yako. Hasa kama ni rafiki yako.

Usinikasirikie.

Binti yako,
Kitabu

*

Nyumbani, 14 Februari

Kwa Meneja Mkuu,

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwanza kama baba yako, halafu kama mfanyakazi wako. Baba aliumia kidogo. Mfanyakazi aliona una haki.

Chakula nakula. Mama Pacha akipika ananiletea sahani, kisha anasimama mlangoni kama askari jela mpaka niimalize.

Sasa habari njema: chumba cha nne kimepata mtu. Ni mwanamume wa makamo, mtulivu, hana watoto wa kupiga kelele. Dhamana ametoa na mkataba tumeandikishana kama ulivyoagiza. Kazi yake ni ya usiku, kwa hiyo haonekani sana.

Ila hataki rangi. Anasema ukuta uachwe ulivyo, pamoja na chaki zake. Unakumbuka mama yako hakuwa mtu wa kuandika vipimo kwenye daftari. Mteja akija anasimamishwa, anapimwa, na vipimo vinakwenda ukutani kwa chaki ya kushonea: bega, kiuno, urefu. Na juu yake hakuandika jina, aliandika mtu alivyo. "Mwenye miwani." "Bibi harusi mwenye haraka." "Anayevuta tumbo ndani nikimpima." Mpangaji anasema yanamchekesha, anayasoma jioni kama gazeti.

Cherehani pia ameomba ibaki. Ataifanya meza.

Kwa hiyo vitu sijavihamisha. Mteja akiwa hana shida navyo, mimi ni nani?

Baba yako,
karani wako asiye na mshahara

*

Bwenini, 1 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Niliposoma kwamba chumba kimepata mtu nilifurahi mpaka nikamsimulia jirani yangu wa kitanda, na unajua mimi si mtu wa kusimulia. Halafu usiku nikaona wivu. Mtu nisiyemjua anasoma maandishi ya Mama jioni, na mimi niko huku nasoma mzunguko wa maji. Lakini nimejiambia ni upumbavu. Mpangaji ni mpangaji.

Nina wazo, nalo limetoka kitabuni, si kichwani kwangu. Chumba cha nne ndicho kikubwa kuliko vyote, kina dirisha la barabarani na mita yake ya umeme. Je, bwana huyu analipa sawa na wenzake? Kitabu kinasema kodi ifuate chumba, isifuate uso wa mpangaji. Na kinasema asiyelalamika kabisa mara nyingi ni yule anayelipa chini ya bei. Mwongezee kidogo, umpe taarifa mapema, kwa heshima. Hiyo nyongeza usiichanganye na rejesho la benki, iwe akiba ya matengenezo. Mfereji wa paa upande wa Mama Pacha ulikuwa unavuja hata kabla sijaondoka.

Na umuulize hiyo kazi ya usiku ni ya wapi. Hukuniambia.

Binti yako,
Kitabu

*

Nyumbani, 20 Machi

Kwa Meneja,

Marahaba. Nimemwambia mpangaji habari ya nyongeza. Alitazama dari, akasema sawa. Kazi yake ni kushusha mizigo, huko huko upande wa kiwanda chetu, kwa hiyo ninamfahamu vizuri kuliko unavyodhani.

Benki tumelipa kwa wakati. Yule afisa alinipa mkono, mara ya kwanza. Mfereji umetengenezwa, ingawa fundi redio alijitia kusaidia na sasa maji yanamwagikia mlangoni kwake. Mama Pacha alimwambia, "Ungeuacha, mzee. Si kila kitu kina betri." Hawajasalimiana tangu hapo.

Baiskeli nimeiuza. Kutembea ni afya, na mimi ninaota kitambi.

Soma. Mambo ya vyumba niachie nusu.

Baba yako

*

Nyumbani, 18 Aprili, asubuhi ya kurudi shule

Ndugu Mpangaji wa Chumba cha Nne,

Shikamoo. Mimi ni binti wa mwenye nyumba. Naipitisha barua hii chini ya mlango wako kwa sababu likizo nzima sijakuona. Baba anasema umesafiri. Nilipiga hodi mara kadhaa, nikiogopa kwamba utafungua. Uso kwa uso huwa nakosa maneno.

Nina mambo mawili tu. La kwanza ni ombi. Karibu na dirisha, chini kidogo, kuna vipimo vilivyoandikwa "Huyu anakua bila ruhusa". Huyo ni mimi. Mama alinipimia sare kila mwaka pale pale. Vile vya juu kabisa aliviandika akiwa hawezi kusimama. Aliniambia nimshike kiuno ndipo akafika. Tafadhali usitundike nguo hapo.

La pili ni shukrani. Mwaka jana tulikuwa tunapoteza nyumba. Baba alikuwa haongei, akirudi kazini anakaa gizani hata taa hawashi. Sasa anataniana na watu, ingawa amekonda na anainuka kitini kama mtu aliyelala juu ya mawe. Nadhani ni kwa sababu yako. Chumba kile kisingepata mtu, sijui leo tungekuwa wapi.

Samahani kwa nyongeza ya kodi. Wazo lilikuwa langu, si la Baba.

Wako kwa heshima,
Binti wa mwenye nyumba

*

Chumba cha nne, 27 Aprili

Kwa Binti wa Mwenye Nyumba,

Marahaba mwanangu. Samahani kwa mwandiko huu. Mkono wangu wa kuandikia unauma, natumia wa kushoto.

Hakuna nguo iliyotundikwa pale dirishani wala haitatundikwa. Nimeviona vipimo vyako. Kati ya darasa la sita na la saba ulirefuka mpaka mama yako akaweka alama tatu za mshangao. Nikirudi kazini nakaa kwenye kiti cha cherehani, nasoma ukuta wote kutoka mlangoni mpaka dirishani, kisha nalala. Sijawahi kuwa na chumba kizuri kama hiki.

Usiombe radhi kwa nyongeza. Mtu analipia kitu anachokithamini.

Baba yako ni mtu mwema, ila anakoroma, namsikia mpaka huku. Usimlaumu kwa habari ya rangi. Mimi ndiye niliyemkatalia.

Soma kwa bidii.

Mpangaji wako

*

Bwenini, 10 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpangaji wetu amenijibu! Mwandiko kama wa mtoto wa chekechea, lakini barua yenyewe nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Mwambie nimefurahi. Anaonekana mtu mpweke. Mwalike siku moja mle pamoja, wanaume wawili mkae mezani badala ya kila mmoja kula peke yake nyuma ya ukuta mmoja.

Kuna jambo la mwisho halafu nitakuachia nusu yako. Likizo uliniambia kwamba benki inataka rejesho kubwa zaidi mwezi wa sita. Kitabu kinasema mpangaji anayeaminika anaweza kuombwa alipe miezi mitatu kwa mkupuo, naye apunguziwe kidogo. Huyu bwana hana familia ya kulisha na wala hatatukatalia. Muulize kwa upole.

Mitihani inaanza wiki ijayo. Niombee.

Kitabu

*

Uani, 2 Juni

Wewe mtoto,

Ni mimi Mama Pacha. Barua si kazi yangu, na mmoja wa hawa mapacha amenikalia mguuni, kwa hiyo nitasema moja kwa moja.

Baba yako yuko hospitali. Hafi, usianze kulia kabla sijamaliza. Gunia la unga lilimwangukia alipokuwa anashusha lori usiku, mgongo umeteguka. Daktari amesema atatembea, lakini magunia basi, maisha yake yote.

Utajiuliza alikuwa anafanya nini na magunia usiku wakati kazi yake ni ya mchana, ya kufunga mikate. Basi sikia. Chumba cha nne hakina mpangaji. Hakijawahi kuwa na mpangaji. Mpangaji ni yeye.

Ulipomwandikia kwamba chumba kipangishwe, alikuja kwangu na barua mkononi akasema, "Mtoto amesema kweli. Chumba lazima kilipe." Siku ya pili akaomba zamu ya usiku. Akipata ujira anaandika risiti, anajipa mwenyewe, anajisainia, anapeleka benki. Fundi redio alidhani amerukwa na akili. Mimi nilimwambia, "Jamani, si utoe tu vitu vya marehemu?" Akanijibu, "Nikivitoa, nitarudi kazini niende wapi?" Nikarudi kwenye sufuria yangu.

Sote tuliapishwa tusikwambie. Likizo ulipokuja akawa anangoja ulale ndipo aende kwenye magunia, nami nilitaka kupasuka, na wewe unapiga hodi kwenye mlango ule kwa kidole kimoja kama panya. Baba yako alikuwa amesimama jikoni kwangu, ameziba mdomo kwa kiganja.

Uliposema kodi ipande, aliuza baiskeli. Uliposema miezi mitatu, alichukua na Jumapili. Sikulaumu. Uliandika kwa mtu uliyedhani yupo. Lakini sasa kiapo changu nimekivunja, na akinichukia na anichukie, chakula changu atakula tu.

Mwandikie.

Mama Pacha

*

Bwenini, 6 Juni

Baba,

Shikamoo. Mama Pacha ameniambia.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Mwalimu wa zamu amenipa ruhusa ya kukaa darasani peke yangu, na bado haiandikiki.

Kwa nini hukuniambia kwamba hutaki? Ungesema tu, "Sitaki, mwanangu." Kitabu ningekifunga. Nilidhani nakusaidia kubeba, kumbe nilikuwa naongeza mzigo juu, na kila mara ulinijibu kwa utani.

Nisikilize sasa, na hili si la kitabu. Chumba cha nne kiache. Pangisha changu, kile cha ndani, mimi likizo nitalala na wauguzi au kwa Mama Pacha. Na ukipata nafuu nenda benki, uwaambie umeumia, waombe warefushe muda wa mkopo ili rejesho la mwezi lipungue. Tutalipa riba zaidi mwishoni, najua. Hata hivyo nenda. Omba wakuandikie, usitosheke na maneno ya mdomo.

Nyongeza nimeifuta. Miezi mitatu nimeifuta. Usijibu kwa utani, nakuomba.

Mwanao

*

Chumba cha nne, 17 Juni

Kwa Meneja,

Mimi mpangaji wako wa chumba cha nne, kwa mujibu wa mkataba wetu, natoa taarifa ya mwezi mmoja kwamba nitahama.

Huu si utani. Sijui namna nyingine ya kuliandika.

Mwenye nyumba ametoka hospitali na amekwenda benki akitembelea fimbo. Wamekubali kurefusha muda, na wameandika. Lakini wamesema wataleta mtu kukagua, na wanataka kuona vyumba vyote vinne vina watu wa kweli. Chumba cha binti yake, mwenye nyumba amekataa kukigusa. Amesema mtoto hawezi kurudi kutoka shule akakuta mgeni kwenye kitanda chake. Mimi namuunga mkono.

Umeuliza kwa nini hakusema kwamba hataki. Alitaka. Alitaka nyumba isipotee, na alitaka wewe ujue kwamba unachosoma kinafaa. Alijivunia zile barua, aliwasomea watu wa kiwandani. Vilevile alitaka akirudi jioni afungue mlango akute kana kwamba mtu ametoka kidogo tu, ameacha chaki juu ya cherehani. Nilikuwa nalipa kodi ya jambo hilo la mwisho. Haikuwa ghali. Mgongo tu ndio umekataa.

Chumba nitakiacha kisafi.

Mpangaji

*

Bwenini, 25 Juni

Ndugu Mpangaji,

Shikamoo. Taarifa yako nimeipokea na nimeikubali. Nilijaribu siku nzima kutafuta njia ya kuikataa, sikuiona.

Nina sharti moja tu. Ukuta usiuguse mpaka nifunge shule. Tutaupaka pamoja.

Binti wa mwenye nyumba

*

Nyumbani, 9 Agosti

Mwanangu,

Natumaini umefika salama na godoro wamekubadilishia. Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke.

Sikukushukuru kwa siku ile ya rangi. Uliniambia niketi nisiiname, ukachukua brashi ukaanzia dirishani, pale kwako, kabla sijasema neno. Ulipaka bila kugeuka. Nilijua kwa mabega yako kwamba unalia, na nikaketi vilevile. Mama yako angetugombeza wote wawili kwa madoa tuliyoacha sakafuni.

Wapangaji wameingia. Ni mume na mke, vijana. Mume ni dereva wa gari la wagonjwa, mke anasubiri mtoto. Nimefuata yote: nimeuliza kazini kwake, dhamana nimepokea, mkataba tumesaini na Mama Pacha akiwa shahidi. Mkaguzi wa benki amekuja, ameandika, ameondoka. Nyumba ni yetu. Kazini wamenipa kiti, nabandika lebo.

Nataka nikwambie jambo moja kwa sababu uliniomba nisikufiche tena.

Juzi bawaba ya dirisha lao ilikatika. Kutengeneza ni kazi yangu, nikachukua bisibisi nikaenda. Mkono ulishazoea kusukuma ule mlango, nikauzuia mkono kwa nguvu. Nikapiga hodi. Nilikuwa sijawahi kupiga hodi kwenye mlango ule tangu tuujenge.

Sauti ya mwanamke ikanijibu kutoka ndani, "Karibu, ingia tu!"

Nilisimama pale na bisibisi yangu. Akasema tena karibu. Nilisikia viatu vyake vikija, nikarudi nyuma, nikazunguka upande wa tangi la maji nikajibanza kama mwizi nyumbani kwangu. Akafungua, akatazama uani, hakuona mtu. Akafunga.

Nilikwenda tena jana. Nilipiga hodi, akaniitikia, nikaingia. Ukuta ni mweupe, wametundika kioo. Nilitengeneza bawaba nikamwambia dirisha lile siku za mvua lisukumwe kutoka chini, si katikati. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia kuna mtu aliishi humu.

Baba yako